Dawa Pekee Haitoshi: Wazee Wanaoishi na HIV Wanahitaji Watu

Maandishi ya mazungumzo kwa baraza za wananchi, Kaunti ya Kilifi



Mazungumzo ya leo yanahusu watu ambao hawatajwi sana katika mikutano ya Ukimwi. Mikutano hiyo kwa kawaida huwalenga vijana. Mabango yake yana picha za vijana, na nyimbo zake ni za vijana. Mzee wa miaka 65 akipita karibu na hema la kupimia damu, huonekana kama mtu anayekwenda sokoni na shughuli zake. Hakuna anayemwita. Hata hivyo, katika kila wadi ya kaunti hii wamo wazee wanaomeza dawa za kupunguza makali ya virusi kila siku, na wengi wao hawamwambii mtu.

Kwanza, mzee ni nani? Katiba ya Kenya ya 2010 inamtambua mzee kuwa mtu aliyepita miaka 60. Wataalamu wa HIV huanza mapema zaidi, kwenye miaka 50. Sababu ya kuchagua 50 inaeleza mengi. Kwa miaka mingi takwimu za HIV duniani zilihesabu watu wa kati ya miaka 15 na 49. Aliyefikisha 50 alitoka kwenye hesabu, kana kwamba virusi navyo vimestaafu. Utafiti wa kitaifa wa Kenya wa 2007 ulipandisha umri huo hadi 64, na ule wa 2018, unaojulikana kama KENPHIA, nao ulikomea hapo hapo. Kwa hiyo bibi wa miaka 72 wa Bamba au Marafa hakuwa katika hesabu hiyo, ingawa dawa yake ilikuwa ndani ya kabati. Asiyehesabiwa ni vigumu kupangiwa.

WALIVYOFIKA HAPA

Mgonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini Kenya alitambuliwa mwaka 1984. Kwa miaka mingi baada ya hapo, kupata majibu ya kuwa na virusi kulikuwa sawa na kuanza kuaga. Mwaka 1999 Rais Daniel arap Moi alitangaza Ukimwi kuwa janga la kitaifa. Mwaka 2006 dawa za ARV zilianza kutolewa bila malipo katika hospitali za umma, na mambo yakabadilika. Watu waliokuwa wamebebwa kwa machela walirudi shambani. Tangu 2016 kila anayekutwa na virusi huanzishiwa dawa mara moja, bila kusubiri kinga ya mwili ishuke.

Sasa fanya hesabu. Mtu aliyeanza dawa mwaka 2006 akiwa na miaka 40 anafikisha miaka 60 mwaka 2026. Wale ambao majirani walikuwa wameshaanza kuwapangia matanga wamekuwa babu na nyanya. Huo ni ushindi wa dawa, na pia ni ushindi wa wauguzi, wa familia na wa wagonjwa wenyewe ambao hawakuacha kumeza.

Liko kundi la pili, nalo husahaulika kabisa. Hawa ni wazee walioambukizwa wakiwa tayari wamepita miaka 50. Mjane aliyeolewa tena, mzee aliyeoa mke mwingine, au mtu mzima aliye na mpenzi: wote hawa ni watu wenye maisha ya ndoa na mapenzi, hata kama watoto wao hawapendi kulifikiria jambo hilo. Hawa hugunduliwa wakiwa wamechelewa. Mzee akikonda husemwa ni sukari. Akikohoa husemwa ni baridi. Akisahausahau husemwa ni uzee. Wakati mwingine hata mhudumu wa zahanati huona haya kumuuliza mtu wa umri wa mamake kama amewahi kupimwa HIV. Aibu hiyo hugharimu maisha. Kipimo ni kile kile kwa kijana na kwa mzee, na kila mzee ana haki ya kukiomba bila kuulizwa anataka cha nini.

FOLENI ILIKUWA BARAZA

Kwa zaidi ya miaka 15, wagonjwa wengi walikuwa na kliniki yao, inayojulikana kama CCC. Kwa mzee anayeishi peke yake, siku ya kliniki ilikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa kuchukua dawa. Ya pili ilikuwa kukaa kwenye benchi na watu wanaojua siri yake kwa sababu nao wana siri hiyo hiyo. Hapo aliweza kusema kwamba dawa inamletea ndoto mbaya, kwamba mkwewe amemtengea sahani, kwamba mwezi huu hana nauli ya boda boda. Aliyekaa kando yake alimsikiliza, na pengine akamwazima shilingi 100.

Kisha mabadiliko mawili yakaja. La kwanza lilikuwa jema: mgonjwa ambaye hali yake imetulia hupewa dawa za miezi mitatu, na wengine hata za miezi sita, kwa mkupuo mmoja. Nauli imepungua, na siku za kazi hazipotei. Lakini mzee aliyekuwa akikutana na wenzake kila mwezi sasa huwaona mara mbili au mara nne kwa mwaka. Hakuna aliyekusudia kumnyima marafiki, ila ndivyo ilivyotokea.

La pili lilikuja ghafla. Januari 2025 serikali ya Marekani, iliyokuwa ikigharamia sehemu kubwa ya huduma za HIV nchini, ilisimamisha misaada yake ya nje. Wafanyakazi wengi waliolipwa na miradi hiyo walipoteza kazi, wakiwemo washauri rika, yaani wagonjwa wenzao waliofunzwa kuwafuatilia waliokosa kufika. Mwaka huo huo kliniki za CCC nchini zilianza kuunganishwa na huduma za kawaida za wagonjwa wa nje. Mlango ule wa pembeni ukafungwa, na mzee akaelekezwa kwenye foleni ya watu wote.

Kuunganisha huduma kuna faida zake. Mgonjwa mwenye presha, sukari na virusi anaweza kuonwa na mhudumu mmoja siku moja badala ya kuzungushwa milango mitatu. Mtu akionekana kwenye foleni ya kawaida, hakuna anayejua amefuata nini. Lakini kwa mzee aliyezoea sura zile zile kwa miaka 15, mabadiliko haya yanaweza kumfanya abaki nyumbani. Anajiuliza: faili langu limekwenda wapi? Huyu kijana wa dirishani ni mjukuu wa jirani, je, atanyamaza?

Majibu ni haya. Dawa za ARV bado hutolewa bila malipo katika vituo vya umma. Faili la mgonjwa ni siri ya kituo, popote mlango ulipo. Na anayepanga kuhama kituo kwa sababu ya aibu anaweza kuomba barua ya uhamisho ili aendelee na dawa kwingine bila kukatiza. Jambo moja tu lisifanyike: kukaa nyumbani na kopo tupu.

UPWEKE SI UZEE

Wapo wanaoamini kwamba kila mzee ni mpweke, na kwamba huzuni ni sehemu ya mvi. Si kweli. Mzee mwenye watu wa kuzungumza nao, mwenye kazi ndogo ya mikono na nafasi katika maamuzi ya nyumba, hucheka kama kijana. Mzee aliyeacha kula vizuri, asiyelala, asiyetaka kwenda msikitini au kanisani alikozoea, anayesema kila mara kwamba amechoka kuishi, huyo anaumwa. Ugonjwa huo unaitwa sonona, na una matibabu.

Hapa Kilifi, watafiti wa KEMRI-Wellcome wamekaa na wazee wa miaka 50 na zaidi wanaoishi na virusi na kuwasikiliza. Waliyoyaeleza ni mambo ambayo wengi katika baraza hii wanayajua: umaskini, upweke, maradhi mengine juu ya HIV, na unyanyapaa wa aina mbili, wa kuwa na virusi na wa kuwa mzee. Walieleza pia kinachowashikilia: jamaa, imani yao, na wahudumu wa afya wanaowajali.

Msaada kwa mzee una sura nne, na si vizuri kudhani moja inatosha.

Kwanza ni kuwa na mtu. Hapa hapatolewi pesa wala ushauri. Ni kuketi naye tu, kumjulia hali, kumwuliza habari za zamani na kumsubiri amalize.

Pili ni mkono. Kumtekea maji, kumpeleka hospitali, kumsomea maandishi madogo kwenye kopo la dawa, kumkumbusha saa ya kumeza.

Tatu ni riziki. Unga, mafuta, nauli. Dawa inayomezwa na tumbo tupu inaweza kumsumbua mzee, na wapo wanaoiruka siku ambayo hakuna chakula.

Nne ni habari za kweli. Mzee aambiwe majibu ya vipimo vyake kwa lugha anayoielewa, iwe Kiswahili, Kigiriama au Kichonyi, na aelezwe yanamaanisha nini.

Mwana anayetuma shilingi 1,000 kutoka Mombasa kila mwisho wa mwezi anafanya jema. Lakini ikiwa hapigi simu, ametoa sura moja kati ya nne.

ANAYELEA HUKU ANAUMWA

Ukimwi uliwaua wazazi wengi kabla ya 2006, na watoto wakabaki mikononi mwa nyanya. Wengi wa wanawake hao waliwazika wanao, wakalea wajukuu, na baadhi yao walikuwa na virusi wao wenyewe. Mpaka leo wapo mahawe ambao ndio kichwa cha nyumba: wao hulipa karo, wao huitwa shuleni, wao huamka usiku mtoto anapoumwa.

Chukua mfano wa bibi wa miaka 67 mwenye wajukuu watatu. Siku ya kliniki imegongana na siku ya mkutano wa wazazi. Nauli ni moja. Atakwenda wapi? Walio wengi watakwenda shuleni. Wakikosa kliniki, kituoni wataandikwa kuwa wamepotea, na pengine watakaripiwa wakirudi. Mhudumu aliyeuliza sababu kabla ya kukaripia angepata jibu lingine: mgonjwa huyu hajapuuza dawa, ameshindwa kujigawa mara mbili. Pengine mjukuu wa miaka 16 angeweza kumchukulia dawa. Pengine kikundi cha wagonjwa watano au sita wa kijiji kimoja kingemtuma mmoja wao kuchukua kwa niaba ya wote, utaratibu ambao tayari upo nchini. Lakini ili mjukuu atumwe lazima ajue, na ili ajue lazima bibi awe na hakika kwamba hatadharauliwa.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio kitamfichua. Methali hiyo hutumiwa sana kuwahimiza wagonjwa waseme. Ni haki kuigeuza na kuwauliza wanaoambiwa: je, nyumba hii ni mahali ambapo mtu anaweza kusema?

TUHUMA ZINAZOUA

Katika kaunti hii kuna jambo ambalo haliwezi kuachwa nje ya mazungumzo ya wazee. Wazee wa Kilifi wameuawa kwa tuhuma za uchawi. Wengine wamelazimika kuyahama makwao, na huko Ganze kipo kituo cha Kaya Godoma kinachowahifadhi waliotishiwa maisha. Mara nyingi nyuma ya tuhuma kuna shamba.

Mzee anayeishi na virusi yuko katika hatari ya pekee. Pengine amefiwa na mke, au na watoto wawili watatu, na yeye bado yu hai kwa sababu alianza dawa mapema. Kwa mwenye nia mbaya, au kwa mwenye huzuni asiyejua, uhai huo wenyewe hugeuzwa kuwa ushahidi: mbona wengine wamekwisha na yeye amebaki? Naye hawezi kujitetea bila kufichua siri ya dawa zake. Anabanwa pande zote mbili. Akinyamaza ni mchawi, akisema ametengwa.

Sheria ya Kenya inasema wazi kwamba kumtuhumu mtu hadharani kuwa mchawi ni kosa. Mwenye hofu juu ya jirani yake aende kwa chifu au polisi. Na familia iliyofiwa ina haki ya kuomba daktari aieleze chanzo cha kifo. Maelezo hayo yakitolewa vizuri yanaweza kuokoa kichwa cha mzee.

MWILI WA MZEE UNA MAMBO YAKE

Dawa za HIV za siku hizi ni nzuri. Walio wengi humeza kidonge kimoja kwa siku. Akimeza bila kuruka, wingi wa virusi katika damu hushuka hadi kipimo kisivione. Tafiti kubwa za wapenzi ambao mmoja ana virusi na mwingine hana zimeonyesha kwamba mtu aliyefika kiwango hicho na kukishikilia hamwambukizi mwenzake kwa tendo la ndoa. Wala hakuna anayeambukizwa HIV kwa sahani, kwa kikombe, kwa choo, kwa kulala kitanda kimoja na mjukuu wala kwa kumkumbatia bibi. Kumtengea mzee kijiko chake hakumkingi mtu yeyote. Kunachofanya ni kumwambia kila mlo kwamba hatakiwi.

Hata hivyo, virusi vikitulia, uzee unaendelea na safari yake. Watu wanaoishi na HIV kwa muda mrefu huwa katika hatari kubwa zaidi ya maradhi ya moyo, figo na mifupa. Kwa hiyo, mzee akienda kuchukua ARV, apimwe pia presha na sukari, na figo zake ziangaliwe. Kwa akina mama waliokoma hedhi, mifupa hudhoofika haraka, na kuanguka kidogo kunaweza kuvunja nyonga. Kina mama wanaoishi na HIV wanashauriwa pia kuchunguzwa saratani ya mlango wa kizazi, kwa sababu hatari yake kwao ni kubwa zaidi.

Jambo lingine ni dawa kugongana. Dawa ya dolutegravir, iliyo ndani ya kidonge ambacho wagonjwa wengi nchini wanakitumia, huongeza kiwango cha metformin mwilini, ile dawa ya sukari. Daktari akijua, atarekebisha kipimo. Vidonge vya kuongeza damu vyenye madini ya chuma, vya kalsiamu na dawa za kiungulia vinaweza kuizuia dolutegravir isifyonzwe vizuri vikimezwa pamoja nayo, na daktari atapanga saa za kuvitenganisha. Dawa za mitishamba nazo zitajwe bila aibu. Ushauri ni mmoja: mzee akienda kliniki, abebe dawa zake zote katika mfuko mmoja, za hospitali, za duka na za mganga, aziweke mezani.

HAKI NA STAHILI

Kifungu cha 57 cha Katiba kinasema Serikali ihakikishe wazee wanashiriki kikamilifu katika mambo ya jamii, wanaishi kwa hadhi na heshima bila kudhulumiwa, na wanapata matunzo na msaada unaofaa kutoka kwa jamaa na kwa Serikali. Jamaa na Serikali wametajwa pamoja, kwa hiyo upande mmoja hauwezi kuuachia mwingine kazi yote.

Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti HIV na Ukimwi ya mwaka 2006 inakataza kumlazimisha mtu kupimwa, kutangaza hali yake bila ridhaa yake, na kumbagua kwa sababu ya virusi. Sheria hiyo iliunda pia baraza maalum la kusikiliza malalamiko ya HIV, linalojulikana kama HIV and AIDS Tribunal. Aliyefukuzwa kwenye nyumba ya kupanga, aliyenyimwa kazi au aliyetangaziwa siri yake ana pa kwenda.

Kuhusu riziki, mpango wa Inua Jamii huwalipa waliosajiliwa wenye miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 kwa mwezi. Hakuna anayeulizwa hali yake ya HIV ili asajiliwe. Miongoni mwa vinavyohitajika ni umri na kitambulisho. Wazee wengi hukwama hapo, kwenye kitambulisho kilichopotea au kilichoandikwa mwaka wa kuzaliwa usio sahihi. Chifu na afisa wa maendeleo ya jamii ndio wa kuwaona kwanza. Usajili wa bima ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, haulipiwi, na unaweza kufanywa kwa simu yoyote kwa kubonyeza *147#. Mzee asiyeweza kutumia simu asaidiwe na mjukuu au mhamasishaji wa afya, na nambari yake ya siri abaki nayo mwenyewe. Msaidizi asimfanye malipo.

KILA MMOJA NA SEHEMU YAKE

Kazi hii ikiachiwa hospitali peke yake itashindikana. Hospitali humwona mzee siku nne kwa mwaka. Siku nyingine 361 yuko kijijini.

Familia. Mkae naye mle chakula kimoja. Mumpe kazi anayoiweza na mumwulize ushauri, kwa maana mzee aliyeacha kuulizwa huanza kuamini kwamba amekwisha. Akiwaambia siri yake, ibaki mlangoni. Saa ya kumeza dawa ipewe heshima kama saa ya swala.

Wahamasishaji wa afya ya jamii. Nyinyi mna mashine ya presha na ya sukari kwenye mikoba yenu. Tumieni kipimo cha presha kama mwanya wa kukaa. Dakika kumi za mazungumzo baada ya kipimo zitaonyesha kama mzee analala, anakula na ana dawa za kutosha. Msiingie boma la mtu mkiwa mmetaja HIV mlangoni. Na aliyekosa kliniki aulizwe kwa upole, faraghani.

Viongozi wa dini. Mzee huwasikiliza nyinyi kuliko daktari. Maombi na dawa havigombani. Wapo wagonjwa walioambiwa wamepona kwa maombi, wakaacha dawa, na virusi vikarudi. Kiongozi anayemwombea muumini wake na kisha kumkumbusha tarehe yake ya kliniki amemhudumia mara mbili. Na mahubiri yanayoeleza HIV kama adhabu ya dhambi yamewafukuza wazee wengi kutoka mahali walipopata faraja pekee.

Vyama vya akina mama na vikundi vya akiba. Mzee asitolewe kwenye chama kwa sababu hawezi kuchanga kama zamani. Wapo waliopunguziwa mchango wakabaki, na kikao cha chama ndicho kinachowatoa nyumbani kila wiki. Wagonjwa waliokuwa wakikutana CCC wanaweza pia kujipanga upya kwa jina lolote wanalolitaka, la ufugaji wa kuku au la ususi wa makuti, wakasajiliwa katika ofisi ya maendeleo ya jamii na kukutana. Jina la kikundi halihitaji kutaja virusi. Kinachotakiwa ni benchi lile lirudi.

Wahudumu wa vituo. Wazee waitwe kwa heshima, mama, baba, mzee wangu. Wasiitwe kwa sauti kubwa kutoka mwisho wa ukumbi pamoja na jina la dawa. Wakiwa na maradhi matatu, wapewe tarehe moja ikiwezekana. Na kila mzee aulizwe swali ambalo halimo kwenye kadi: nyumbani unaishi na nani?

Chifu na wazee wa mtaa. Tuhuma za uchawi zizimwe mapema, zikiwa bado ni minong'ono. Mzee anayenyanyaswa juu ya shamba apate ulinzi kabla ya msiba.

Na wazee wenyewe. Hakuna aliyefika hapa kwa bahati tu. Mmemeza dawa miaka mingi, mmezika, mmelea, na mmejua mengi ambayo kijana aliyepewa majibu yake wiki iliyopita angependa kuyasikia. Kijana huyo anadhani maisha yamekwisha. Mzee wa miaka 68 akimwambia kwa siri, "Mwanangu, hata mimi, na tangu 2007," amempa kitu ambacho hakimo katika duka lolote la dawa. Mkipata mtu mmoja tu wa kumwamini, mwambieni. Akiwa mtoto, sawa. Akiwa shoga wa siku nyingi, sawa. Akiwa muuguzi, sawa. Mmoja anatosha kuanzia.

Baada ya baraza hii, meza ya wahudumu wa zahanati itabaki chini ya mwembe mpaka jioni. Kutakuwa na vipimo vya presha na sukari kwa wote, na chumba cha faragha kwa anayetaka kupimwa HIV, wa umri wowote. Waliokosa tarehe zao za dawa waje pia. Hakuna atakayeulizwa mbele za watu.

 Aliye na jirani mzee ambaye hakumwona hapa leo, apitie kwake kabla jua halijazama, amjulie hali.